Paulo Sousa au Sérgio Conceição: kiungo anayeanza ukocha afuate nyayo za nani?

Ulinganisho huu nimeuandika nikimfikiria mtu wa aina moja: amecheza kiungo miaka yake yote, magoti yamemwambia basi, ametundika daluga na sasa anataka kukaa kwenye benchi la ufundi. Kozi ya kwanza ya ukocha itamfundisha kupanga koni, kupasha misuli na kuandika ratiba ya wiki. Haitamfundisha maisha ya kazi yenyewe: unaingiaje, unadumu vipi, unaondoka lini, na unafanya nini asubuhi baada ya kufukuzwa. Hayo mtu huyapata kwa kuwafuatilia waliotangulia, hatua kwa hatua, pamoja na pale walipoanguka.

Ureno ina viungo wengi wa kufuatilia. Paulo Bento aliifikisha nchi yake nusu fainali ya Euro 2012, kisha akaja kuwa kocha wa Korea Kusini iliyoifunga Ureno hiyohiyo 2-1 kwenye Kombe la Dunia la 2022. Rúben Amorim alinunuliwa na Sporting kwa euro milioni 10 mwaka 2020, akiwa amefundisha ligi kuu kwa miezi michache tu, na msimu uliofuata akawapa ubingwa walioukosa kwa miaka 19. Wote wawili nawaheshimu, lakini nimewaweka kando. Bento alikabidhiwa klabu kubwa aliyomalizia kuichezea. Amorim alifunguliwa mlango mkubwa akiwa na miaka 35. Mtu wa kawaida hapangi maisha yake kwa kutegemea milango ya namna hiyo.

Waliobaki mkononi mwangu ni Paulo Sousa na Sérgio Conceição. Nimewachagua kwa sababu mwanzo wao kama makocha unafanana sana: kazi fupi, timu zenye shida, mikataba iliyovunjika. Kisha njia zikaachana. Mmoja amefundisha karibu kila pembe ya dunia. Mwingine alipata nyumba akakaa humo miaka 7.

Waliopishana milangoni

Sousa alizaliwa Viseu Agosti 1970, na Conceição alizaliwa Coimbra Novemba 1974. Hiyo ni miji ya Ureno ya kati, kwa hiyo kila mmoja alilazimika kuhama kwao angali kijana mdogo ili aufikie mpira mkubwa wa Lisbon na Porto. Wote walikuja kucheza Inter, wote wakacheza Parma, na hawakukutana kote huko. Sousa alimaliza mkopo wake Parma katikati ya mwaka 2000, na Conceição akawasili hapo majira hayohayo ya joto.

Mtu aliyewaunganisha kwa mbali ni Msweden Sven-Göran Eriksson. Alikuwa kocha wa Benfica Sousa alipochipukia na kutwaa ubingwa wa 1991. Alikuwa kocha wa Lazio Conceição alipotwaa ubingwa wa Italia mwaka 2000. Na Oktoba 2010 ndiye aliyekabidhiwa Leicester City pale Sousa alipoonyeshwa mlango.

Timu ya taifa ndiyo iliyowaweka kwenye nyasi zilezile. Juni 20, 2000, mjini Rotterdam, Ureno ilicheza na Ujerumani mechi ya mwisho ya makundi ya Euro. Ureno ilikuwa imekwishafuzu, nyota kadhaa wamepumzishwa, na wale waliokuwa wakisubiri nafasi wakapewa. Sousa akacheza katikati. Conceição akacheza upande wa kulia, akafunga mabao yote 3 ya ushindi wa 3-0, na Ujerumani waliokuwa wanatetea kombe wakafungasha virago. Mechi hiyo inaonyesha tofauti yao vizuri kuliko maelezo yangu yoyote: mmoja anaipa timu mpangilio, mwingine anaipa moto.

Uwanjani: hapa sina kigugumizi

Kama unachotaka ni kujifunza kazi ya kiungo wa chini, mchague Sousa na usigeuke nyuma. Hakuwa na mbio. Hakuwa mtu wa kufunga. Alichokuwa nacho ni kujua, kabla mpira haujamfikia, utatoka kwake kwenda wapi. Marcello Lippi alimtumia Juventus pamoja na Didier Deschamps na Antonio Conte, na msimu wake wa kwanza, 1994-95, wakachukua ligi na Kombe la Italia. Mei 1996 wakaifunga Ajax kwa mikwaju ya penalti mjini Roma na kuchukua Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Majira hayo Juventus wakamleta Zinedine Zidane na kumwachia Sousa aende Borussia Dortmund, kwa kuwa goti lake lilikuwa limeanza kutia shaka. Mwaka mmoja baadaye, Mei 28, 1997, Dortmund ya Ottmar Hitzfeld ikakutana na Juventus kwenye fainali mjini Munich. Dortmund wakashinda 3-1. Sousa alikuwa pale katikati na Mskoti Paul Lambert, akicheza dhidi ya klabu iliyomwona hafai tena. Kabla yake ni Marcel Desailly peke yake aliyekuwa amechukua kombe hilo misimu miwili mfululizo akiwa na klabu mbili tofauti.

Lakini mwili haukumhurumia. Baada ya Dortmund akapita Inter, Parma, Panathinaikos na Espanyol, kila mahali akipigana na majeraha, na akastaafu mwaka 2002 akiwa hata miaka 32 hajatimiza. Ameichezea Ureno mechi 51. Nayasema haya kwa kiungo anayesoma akiwa na goti lililofanyiwa upasuaji: huyu ni mwenzako, na bado ana medali mbili za Ulaya.

Kuna jambo moja zaidi kwenye ujana wake ambalo ni vizuri ulijue kabla ya kumfuata. Majira ya joto ya 1993, Benfica ikiwa na matatizo ya kulipa mishahara, Sousa na mwenzake Pacheco walivuka mji wakaenda kwa mahasimu wao Sporting. Mashabiki wa Benfica waliumia sana. Kisheria alikuwa na hoja. Lakini tangu siku hiyo inaonekana mtu ambaye akiona mlango umefunguka na nyumba ya sasa ina ufa, hasubiri. Tabia hiyo tutakutana nayo tena.

Conceição alikuwa mchezaji wa aina nyingine kabisa. Kiungo wa pembeni kulia, wengine wangemwita winga, mwenye pumzi za kupanda na kushuka dakika 90. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka 16, na mama naye hakukawia kumfuata. Porto walimtuma kwa mkopo kwenye vilabu vidogo kabla hawajamwamini, kisha akachukua nao ligi mbili mfululizo. Lazio aliyochezea ilikuwa na Nesta, Nedvěd, Verón, Simeone, Mihajlović, Mancini na Simone Inzaghi. Ukiyatazama majina hayo utaona nusu ya chumba kile cha kubadilishia nguo walikuja kuwa makocha. Walitwaa Kombe la Washindi barani Ulaya 1999, na ligi na Kombe la Italia 2000.

Baadaye alikwenda Standard Liège. Wasomaji wetu wengi waliijua ligi ya Ubelgiji kwa sababu ya Mbwana Samatta na Genk, na wanakumbuka Samatta alivyochukua Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika, mwaka 2019. Conceição aliwahi kuchukua kile cha Dhahabu, cha mchezaji bora wa ligi nzima, cha mwaka 2005. Alimalizia PAOK ya Ugiriki, klabu ambayo Samatta naye alikuja kuivalia jezi. Mechi za taifa 56, mabao 12.

Basi kama mchezaji: Conceição alikuwa mzuri sana, Sousa alikuwa mwalimu tayari akiwa na bukta.

Miaka ya kazi fupi

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wewe utakapokuwa.

Sousa alianzia kwenye benchi la timu ya taifa ya Ureno, kisha Novemba 2008 akapewa QPR katika daraja la pili la Uingereza. Hakufika hata majira ya joto. Akahamia Swansea kwa msimu wa 2009-10. Swansea wakamaliza nafasi ya 7, pointi 1 nyuma ya Blackpool waliochukua nafasi ya mwisho ya mechi za mchujo na kisha wakapanda Ligi Kuu. Katika mechi 46 Swansea walifunga mabao 40 tu. Ukuta wao ulikuwa mgumu, mpira ulikaa miguuni mwao, lakini langoni kwa adui walikuwa kama wageni wasiojua chumba cha kuingia.

Msimu huo ningependa kila kocha mpya ausome. Sousa alipokea timu kutoka kwa Roberto Martínez aliyekuwa ameijenga kwa pasi, naye akaiongezea nidhamu ya kujilinda. Brendan Rodgers aliyekuja baada yake akaipandisha daraja 2011. Sousa alikuwa mtu wa katikati kwenye kazi ile, na angekubali kubaki mwaka mmoja zaidi huenda sifa ya kupanda ingekuwa yake. Hakubaki. Alikwenda Leicester, akashinda mechi 1 ya ligi katika 9, na tarehe 1 Oktoba 2010 akafukuzwa. Miaka miwili, vilabu vitatu vya daraja moja.

Wengi wangekwisha hapo. Yeye alifanya jambo ambalo bado ninalistahi: alikubali kushuka kwenda mahali ambapo kamera hazifiki. Videoton ya Hungaria, ambako aliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Europa na kuifunga Sporting, klabu yake ya zamani, 3-0. Kisha Maccabi Tel Aviv, ubingwa wa Israel 2014. Kisha Basel, ubingwa wa Uswisi 2015, na hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa baada ya kuiacha Liverpool nyuma kwenye kundi. Misimu miwili, nchi mbili, mataji mawili ya ligi. Hiyo ndiyo iliyompa Fiorentina.

Sasa mtazame Conceição kipindi hichohicho. Olhanense mwaka 2012. Académica ya Coimbra, mjini kwao, 2013. Braga 2014. Vitória ya Guimarães 2015. Nantes ya Ufaransa Desemba 2016. Kazi tano kwa miaka mitano na nusu. Kwa hiyo yule anayesema Conceição ni mtu wa kutulia na Sousa ni mtu wa kuhamahama hajaisoma orodha vizuri. Hadi anafika miaka 42, Conceição alikuwa hajakaa klabu yoyote misimu miwili kamili mfululizo.

Naye alionja uchungu. Mei 2015 Braga yake ilikuwa inaongoza 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Ureno dhidi ya Sporting waliobaki 10 uwanjani. Sporting wakasawazisha katika dakika za nyongeza na wakashinda kwa matuta. Ilikuwa mechi yake ya mwisho pale.

Tofauti niliyoiona mimi ni hii. Kwenye kila kazi fupi Sousa aliacha mtindo, wa kujenga shambulizi kutoka nyuma na viungo wanaopokezana nafasi. Conceição aliacha nafasi kwenye msimamo. Nantes aliikuta ya 19, kwenye eneo la kushuka daraja, akaiacha ya 7. Rais wa klabu akikodolea macho msimamo wa ligi anaelewa lugha ya Conceição mara moja. Lugha ya Sousa inahitaji mtu aketi aangalie mechi tatu nne.

Porto, na kile ambacho Sousa hakuwahi kukipata

Juni 2017 Conceição aliondoka Nantes akiwa bado na mkataba, akaenda Porto. Mashabiki wa Nantes walikasirika, na walikuwa na haki. Nalitaja kwa sababu watu humhukumu Sousa kwa kuondoka mapema na kumsahau huyu.

Porto aliyoikuta ilikuwa na njaa ya miaka minne bila ubingwa, na UEFA ilikuwa imeibana matumizi. Hakukuwa na fedha za kwenda sokoni. Akafanya alichoweza: akawarudisha waliokuwa wametolewa kwa mkopo, akina Moussa Marega wa Mali, Vincent Aboubakar wa Kameruni na Ricardo Pereira. Akawapanga 4-4-2, akawafundisha kukaba kwa kasi mara tu wanapopoteza mpira, na akaizuia Benfica kuchukua ligi ya tano mfululizo. Hakuna somo kubwa kuliko hilo kwa kocha wa klabu isiyo na pesa. Wachezaji aliowahitaji walikuwa tayari kwenye daftari la klabu.

Kisha ikaja ile siku ya Agosti 1, 2020. Fainali ya Kombe la Ureno, Porto na Benfica, uwanja wa Coimbra, mjini kwao, bila mashabiki kwa sababu ya korona. Kipindi cha kwanza Luis Díaz anapewa kadi nyekundu. Muda mfupi baadaye Conceição mwenyewe anatolewa kwenye eneo la benchi. Timu iko 10, kocha hayupo. Kipindi cha pili akajitokeza beki wa Kongo, Chancel Mbemba, akafunga bao la kichwa, akaongeza la pili. Porto 2-1. Nimewahi kuwaeleza vijana kisa hiki zaidi ya mara moja, nikisisitiza kuwa timu iliyofunzwa sawasawa inaendelea kucheza hata mwalimu wake akiwa ametolewa nje. Lakini siwafichi pia kwamba mwalimu hakupaswa kutolewa. Hasira za Conceição zimemgharimu kadi nyingi sana, na kijana anayemwiga asiige hizo.

Machi 9, 2021, Turin, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Porto walishinda mechi ya kwanza 2-1 dhidi ya Juventus ya Cristiano Ronaldo. Kwenye marudiano, dakika ya 54, Mehdi Taremi akatolewa kwa kadi nyekundu. Kuanzia hapo ni zaidi ya saa nzima, pamoja na zile dakika 30 za ziada, wakiwa pungufu. Sérgio Oliveira akafunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 115. Juventus walishinda 3-2 na wakatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Mabao mawili ya kwanza ya Juventus siku hiyo yalifungwa na Federico Chiesa, na aliyempa Chiesa mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, pale Fiorentina mwaka 2016, ni Paulo Sousa.

Mwaka 2022 Conceição akachukua ligi kwa pointi 91, baada ya kumuuza Díaz kwa Liverpool katikati ya msimu. Alipoondoka 2024 alikuwa na mataji 11: ligi 3, Kombe la Ureno mara 4, Kombe la Ligi 1 na Ngao ya Jamii ya kwao mara 3. Hakuna aliyeiongoza Porto mechi nyingi kuliko yeye.

Sousa hakuwahi kupata nyumba ya hivyo. Fiorentina ilikaribia. Septemba 2015 aliifunga Inter 4-1 San Siro, Nikola Kalinić akipiga matatu, na Fiorentina ikakaa kileleni mwa ligi ya Italia. Mji ulikuwa unaota. Wakamaliza wa 5, msimu uliofuata wa 8, na ndoto ikaishia hapo. Ukitazama mechi zile za vuli ya 2015, viungo wanavyopishana na beki wa kati anavyopanda na mpira, utaona kazi safi kuliko nyingi za Conceição. Naamini hivyo kabisa. Tatizo ni kwamba Januari ilipofika, wapinzani walikuwa wameshaisoma, na jibu la pili halikuwepo.

Jinsi ya kuondoka

Baada ya Fiorentina, Sousa alipita China na Bordeaux, nayaruka. Poland siwezi kuiruka.

Alichukua timu ya taifa ya Poland Januari 2021. Kwenye Euro aliambulia pointi 1, sare ya 1-1 na Hispania, akatoka hatua ya makundi. Kwenye kufuzu Kombe la Dunia alitoka sare na Uingereza mjini Warsaw, halafu Novemba akapumzisha Robert Lewandowski na kufungwa nyumbani na Hungaria 2-1. Mechi za mchujo zilikuwa zimebaki miezi mitatu. Desemba akaomba kuondoka, akaenda Flamengo ya Brazil. Poland walitafuta kocha mwingine haraka, wakaifunga Sweden 2-0 na kufuzu bila yeye. Sousa mwenyewe hakumaliza hata miezi sita Rio: akapoteza Super Cup ya Brazil kwa matuta, akapoteza fainali ya ubingwa wa jimbo la Rio mbele ya Fluminense, na Juni 2022 akafukuzwa.

Hili ndilo doa ninaloona ni kubwa kuliko kufukuzwa kokote. Klabu ikikufukuza, umefukuzwa, maisha yanaendelea. Lakini nchi iliyokuwa katikati ya safari ya kufuzu, ukiiacha njiani, hata wachezaji waliokupenda watakuangalia kwa jicho lingine. Kiungo huyu aliyejua mpira utakwenda wapi kabla haujamfikia, kwenye maisha ya kazi alichelewa kuona.

Na bado alirudi. Februari 2023 Salernitana ilikuwa inazama Italia, akaipokea, akaanza kukusanya pointi. Aprili 30 alikwenda Napoli siku ambayo mji mzima ulikuwa umejitayarisha kusherehekea ubingwa, Boulaye Dia akasawazisha, 1-1, na sherehe zikaahirishwa kwa siku chache. Salernitana ikabaki ligi kuu. Halafu akaenda Dubai, ambako msimu wa 2024-25 aliipa Shabab Al-Ahli ubingwa wa ligi ya Falme za Kiarabu pamoja na Kombe la Rais. Akiwa na miaka 54, kwenye nchi yake ya kumi au zaidi kikazi, anashinda tena. Ukakamavu huo haufundishwi darasani.

Conceição, kwa upande wake, alipotoka kwenye nyumba yake alikutana na baridi. Aliichukua Milan mwisho wa Desemba 2024. Wiki moja baadaye alikuwa na kombe mkononi, Super Cup ya Italia: mjini Riyadh aliifunga Juventus 2-1, kisha kwenye fainali akawa nyuma 2-0 dhidi ya Inter ya Simone Inzaghi, mwenzake wa Lazio, na akageuza ikawa 3-2. Riyadh ndiyo ileile ambako Sousa, akiwa na miaka 18, alitwaa Kombe la Dunia la vijana mwaka 1989 kwa kuifunga Nigeria 2-0. Lakini Milan ilimaliza ya 8, ikapoteza fainali ya Kombe la Italia mbele ya Bologna, na akaondoka baada ya nusu msimu. Oktoba 2025 akaenda Al-Ittihad ya Jeddah. Kwa hiyo yule wa nyumba moja naye amerudi kwenye kazi fupi.

Sasa wewe umchague nani

Inategemea umesimama wapi, na nitasema kwa uwazi.

Kama umepewa timu ya watu wazima iliyo mkiani, mechi 12 zimebaki na viongozi wanakupigia simu kila Jumatatu, mchukue Conceição wa Nantes. Usianze na kujenga kutoka nyuma. Anza na kukimbia, kukaba pamoja, na kujua nani ana moyo. Kama klabu yako haina pesa ya usajili, mchukue Conceição wa 2017: pitia orodha ya waliotolewa kwa mkopo na waliowekwa benchi kabla hujamlilia mwenyekiti.

Kama umepewa vijana wa chini ya miaka 17 au 20, na hakuna anayekuhesabia pointi, mchukue Sousa. Vijana wanahitaji kufundishwa kuona. Chiesa na Bernardeschi walikua mikononi mwake.

Kama umefukuzwa na hakuna anayekupigia simu, Sousa tena, yule wa Hungaria. Nenda mahali padogo, shinda kitu, rudi.

Na kama unataka jibu moja tu bila masharti, nasema Conceição, ingawa moyo wangu wa kiungo uko kwa Sousa. Sababu yangu si yale mataji 11. Ni kwamba kocha hukomaa pale anapolazimika kutafuta jibu la pili na la tatu kwa kundi lilelile la wachezaji, msimu baada ya msimu, wapinzani wakiwa wameshamsoma. Conceição alifanya hivyo miaka 7. Sousa, ama kwa kufukuzwa ama kwa kuondoka mwenyewe, mara nyingi hakufika kwenye swali la pili.

Ukiwa na jioni mbili za kuanzia, ya kwanza tafuta fainali ya Munich 1997. Usiufuate mpira. Mfuate Sousa sekunde mbili kabla hajapewa pasi na hesabu anageuza kichwa mara ngapi. Jioni ya pili tafuta Turin 2021, anzia dakika ya 54 Taremi anapotoka, na kila Juventus wanapojiandaa kupiga krosi simamisha picha, chora kwenye daftari viungo wa Porto wamesimama wapi. Mimi kurasa hizo nilizichora kwa penseli, na Jumamosi nikikutana na vijana wangu ndizo tutakazoanza nazo.